Pazia la Mama Mdogo Kwenye Bango Langu

Nilificha kila kitu. Nilificha jina la mgahawa, nikaficha jina la mwenye mgahawa, hata njia ya kufika sikuitaja. Niliandika "Mgahawa C", basi.

Halafu mtu wa kwanza kusimama mbele ya bango langu la utafiti, kikombe cha chai mkononi, akatazama picha, akaniuliza:

"Hili si pazia la Mama Birika?"

Ndugu zangu, nikageuka na mimi kuitazama picha.

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo, maana kisa hiki kisipoanzia jikoni hakieleweki.

Mama Birika ni mama yangu mdogo. Ndiye anayeendesha mgahawa wa chuoni kwetu, na jina hilo amelipata kwa sababu ya birika lake kubwa ambalo hamwachii mtu mwingine alishike. Naishi kwake tangu nilipoanza chuo. Nalala kwake, nakula kwake, na nikichelewa kurudi, najieleza kwake.

Sasa kama kuna mtu mwenye ugomvi na uchafu, ni yeye. Mteja hajamaliza kunyanyuka, kitambaa kishapita mezani. Kuna jamaa wa darasa letu aliwahi kupanguswa kiwiko akiwa bado anakula.

Mwaka wa mwisho kila mwanafunzi anafanya utafiti. Mimi nikachagua vitambaa vya kupangusia meza.

Nikazunguka migahawa minne ya chuoni na jirani. Napitisha pamba mezani kabla ya kupanguswa, napitisha tena baada ya kupanguswa, kisha nakwenda maabara kungoja vijidudu viote kwenye visahani.

Kwa mama mdogo sikuwa na wasiwasi.

"Pima, mwanangu," aliniambia. "Hapa utaondoka mikono mitupu."

Niliondoka nayo imejaa. Visahani vya kwake viliota kuliko vya wote.

Na kosa lenyewe lilikuwa lile lile analojivunia. Kitambaa kimoja, ndoo moja, meza zote, kutwa nzima. Kadiri alivyopangusa ndivyo alivyouhamisha uchafu wa meza hii kwenda ile. Yule mvivu wa Mgahawa A, anayepangusa siku akikumbuka, meza zake zilikuwa na nafuu.

Kibaya zaidi, mkataba wa mama mdogo ulikuwa unaisha mwezi uleule, na kamati ya migahawa ya chuo ilikuwa haijaamua kama itampa tena.

Ungekuwa wewe ungefanyaje? Kila jioni nilikuwa nafungua mdomo nimwambie. Ananiongezea chakula kwenye sahani, mdomo unapata kazi nyingine.

Mwisho nikajipa moyo. Si nimeandika C? C itanisitiri.

Msimamizi wangu tulikuwa tunamwita Bwana Kata. Ukimpelekea ikisiri, yaani ile aya moja inayobeba utafiti wako wote, anakurudishia neno moja tu.

"Kata."

Yangu ya kwanza ilikuwa kurasa mbili. Nikaondoa historia ya kitambaa tangu enzi za mababu.

"Kata."

Nikaondoa "ikumbukwe kwamba" na "ni dhahiri shahiri kuwa". Hizo nilizipenda, roho iliniuma.

"Kata."

Mwishowe ikabaki aya imekonda: niliuliza nini, nilipima vipi, nimepata nini, kifanyike nini. Bwana Kata akaisoma, akasema, "Sasa hii hata mama yako nyumbani ataielewa."

Nilifurahi sana. Sikujua ninachofurahia.

Ikisiri ikapelekwa kwenye kijitabu cha maonyesho ya utafiti ya chuo pamoja na za wenzangu. Nikabaki na bango.

Bango nalo nililijaza maandishi kona hadi kona. Bwana Kata akalitazama kwenye kompyuta yangu.

"Hili ni bango au barua ya posa? Watu watakuwa wamesimama na vikombe mkononi. Weka picha."

Nikaweka picha ya kitambaa cha Mgahawa C, kimelala mezani. Kwenye kompyuta kilikuwa kama stempu. Fundi wa kuchapa akalikuza bango, likatoka refu kunishinda, na maua ya njano kwenye kitambaa yakawa makubwa kama sahani.

Kitambaa chenyewe kilikatwa kwenye pazia. Nusu ya pazia hilo ilikuwa bado inaning'inia mlangoni pa mgahawa, na chuo kizima kiliisukuma kwa mkono kila kilipoingia kula.

Utauliza kwa nini sikuliona. Nimekua nikiliona pazia lile kila likizo. Lilikuwa sebuleni kwa mama mdogo kabla sijajua kutembea, na kitu cha nyumbani ukikizoea macho yanakiruka.

Ya chuo kizima hayakukiruka.

Basi turudi ukumbini, siku ya maonyesho. Habari ilitembea haraka.

"Aisee, ni lenyewe."

"Na mimi nimekula pale jana."

Mmoja akaweka kikombe chake chini taratibu. Maana chai ya siku ile nani alikuwa anaiandaa? Yeye mwenyewe. Meza za chai zilikuwa mwisho wa ukumbi, na nyuma yake alisimama mama mdogo, birika mkononi.

Nikajaribu kuikinga picha kwa mwili wangu. Mimi mwembamba, maua yakachungulia pande zote.

Ndipo akafika mwenyekiti wa kamati ya migahawa, yule yule mwenye kauli ya mkataba. Akavaa miwani, akasoma.

"Mgahawa C ndio upi?"

"Samahani, mwenyekiti. Kwa maadili ya utafiti hatutaji majina."

Watu wakaangua kicheko. Nilitamani kujikunja pamoja na bango.

"C ni mimi."

Sauti ilitoka nyuma yao. Wakampisha. Mama mdogo akaja na birika lake, akalitazama pazia lake kama mtu aliyekutana na ndugu ugenini.

"Mama..." nikaanza.

"Subiri." Akamgeukia mwenyekiti. "C ni mimi. Nilikuwa napangusa meza zote kwa kitambaa kimoja. Nimeacha tangu wiki iliyopita. Sasa kila meza ina chake, na jioni vinachemshwa."

Nikafumba macho. Wiki ile nilikuwa nashinda kwa fundi wa kuchapa, mgahawani sikukanyaga, lakini namjua mama mdogo. Akibanwa haishiwi maneno. Nikasema moyoni, hapa anatudanganya, na sasa hivi ataumbuka kwa ajili yangu.

"Naweza kuviona?" akauliza mwenyekiti.

"Twende."

Tukamfuata kundi zima. Kila meza ya chai ilikuwa na kitambaa chake cheupe, kipya, kimeshonwa pindo. Vilikuwa pale asubuhi yote na sisi watafiti tulivipita tukikimbilia chai.

Mwenyekiti akashika kimoja, akakinusa. "Kesho nitapita mgahawani," akasema, akaomba chai. Alipopita alikuta vitambaa vinachemka jikoni. Mkataba ukatoka, kwa sharti kwamba meza zipimwe kila mwezi.

Bango langu lilishika nafasi ya pili. La kwanza lilihusu nyuki, na mimi na nyuki hatuna ugomvi.

Jioni, tukikunja meza, nikamuuliza, "Mama, ulijuaje?"

Akachomoa kijitabu cha maonyesho chini ya sinia. Kumbe vijitabu vililetwa jikoni kwake wiki moja kabla, ili vigawiwe pamoja na chai. Ukurasa wangu ulikuwa na doa la chai.

"Aya moja tu, nikaelewa. 'Mgahawa uliopangusa mara nyingi zaidi.' Hapa anayepangusa kunizidi ni nani?"

"Mbona hukuniambia kama umesoma?"

"Nilikuwa nangoja wewe uniambie. Jioni zote nakuona unafungua mdomo. Nakuongezea chakula, nasema labda akishiba atasema."

Nikainamia meza, nikaendelea kuikunja.

"Uchafu nitafua," akasema. "Lakini kusoma habari za jikoni kwangu kitabuni, kama mgeni, hilo liliniuma."

"Nisamehe, mama."

"Nilishakusamehe. Ila umeandika vitambaa vifuliwe kila siku, hukuandika na nani." Akanisukumia beseni la vitambaa kwa mguu.

Pazia amelirudisha sebuleni. Pale mlangoni pa mgahawa amelitundika bango langu, tena amelipasua katikati ili watu wapite. Chuo kizima kinalisukuma kwa mkono kikiingia kula, na anayesoma "Mgahawa C" anaonyeshwa vitambaa vyeupe kabla hajaketi.

Kwa hiyo wewe unayeandaa bango lako huko, kata maneno, weka picha, sikatai. Lakini aliyekupa kitambaa chake ukipime, mpelekee majibu mwenyewe, kabla ya msimamizi, kabla ya fundi wa kuchapa, na usingoje akuongezee chakula.

Niacheni sasa. Maji yamechemka, naitwa.