Miji Kumi na Moja, Yote Mchana

Shemeji yangu Roelof Hidding ni mtu wa mlangoni. Kanisani hukaa benchi la mwisho, kwa daktari hukaa kiti kilicho karibu na kitasa, na kwenye sherehe za kuzaliwa, tunapokaa mduara sebuleni kila mtu na kipande chake kimoja cha keki, mguu mmoja wa Roelof huwa umeshatoka nje. Maisha yake yote ya kazi aliendesha lori la maziwa, akizunguka mashamba ya huku kwetu Meppel, Uholanzi, kabla jogoo hajawika, na ng'ombe, kama anavyopenda kutukumbusha, hamngoji mtu. Saa tatu ya usiku yuko kitandani. Amestaafu siku nyingi, lakini usingizi wake bado haujapata habari hizo.

Nampenda, tusije tukaelewana vibaya. Hajui kusema uongo, na hajawahi kumnyima jirani ngazi yake. Lakini aliyeolewa naye ni dada yangu Jantina, na mimi mdogo mtu yapo mambo niliyoyaona nikayameza mpaka yakanikaa kooni.

Kubwa kati ya hayo lilikuwa karavani, kile kinyumba chao cha kukokotwa na gari. Kila baada ya viangazi vichache walifunga safari, yeye na dada yangu, wakaenda kuona mji mmoja wa Ulaya. Kuuona, ndiyo, ila kulala humo hapana. Roelof alitafuta kambi ya mahema pembeni kabisa, karibu na barabara kuu, mahali ambapo mtu anaweza kutoka bila kumsumbua mtu. Akifika anaizunguka kambi nzima kwa miguu, mikono nyuma, akivikagua viwanja vilivyo wazi. Kisha anatoa pimamaji yake ya rangi ya manjano, ile ya mafundi ujenzi, na karavani haikai mpaka kile kipovu cha ndani yake kitulie katikati. Asubuhi wanapanda basi kwenda mjini na chupa ya kahawa na mikate ya jibini. Jioni, watu wa mji wanapoanza kuvaa vizuri na kutoka, Roelof anatazama saa, anasimama, na kumwambia dada yangu, "Tina, basi la mwisho."

Jantina hakulalamika hata siku moja. Alizoea kukaa mkahawani na mkoba wake mapajani, mikono juu yake, tayari kwa safari. Hata nyumbani kwangu hukaa hivyo. Nimemwambia mara ngapi, "Dada, weka mkoba chini, hapa hakuna mwizi," naye hucheka tu.

Mwaka jana nyonga yake ya kushoto iliharibika kabisa, akashindwa kukipanda hata kidato cha karavani, ikabidi iuzwe. Wiki chache baadaye ikawa sikukuu ya kuzaliwa ya Roelof. Tulipokwisha kupongezana sote, kama ilivyo desturi yetu, mpaka jirani naye akapongezwa kwa kuzaliwa kwa Roelof, jirani huyohuyo, Bi Hendrika, akauliza, "Sasa bila karavani mtaenda wapi?"

"Tumeshaona vya kutosha," akasema Roelof kutoka mlangoni kwake. "Tina ameona miji kumi na moja ya Ulaya."

"Kweli," dada yangu akasema. "Kumi na moja. Na yote nimeiona mchana."

Hakusema kwa hasira. Angesema kwa hasira tungejua la kufanya. Watu wakatazama keki zao.

"Brussels ndio ulikuwa wa kwanza," akaendelea, "tulipokuwa tumeoana juzijuzi. Tumekaa kwenye uwanja mkuu, giza linaanza. Mama mmoja wa meza ya jirani akaniambia, subiri binti, sasa hivi wanawasha taa, utaona majumba haya yanavyokuwa. Wewe ukaniondolea kiti, Roelof."

"Basi lilikuwa linaondoka!"

"Najua. Mwezi wa kumi na moja wananibadilisha nyonga, na daktari ameniambia mwenyewe kwamba moyo wangu si wa kuuamini. Kabla sijalala kwenye meza yao nataka niuone mji mmoja taa zikiwashwa. Uleule. Na nataka hoteli ya katikati. Nikichoka niwe kitandani, sio kituoni."

Roelof akaweka kijiko chini. Hakumaliza keki, na huyo ni mtu ambaye hata makombo huyaokota kwa kidole.

Siku ya pili akaniita nikaone hoteli aliyoipata kwenye kompyuta. Nilipoitazama damu ilinipanda. Ilikuwa pembeni ya barabara kuu, jengo kama ghala, na mbele yake uwanja wa magari ambao ungetosha kuegesha Meppel nzima.

"Maegesho bure," akasema. "Halafu tramu inapita hapohapo."

"Shemeji, we unatafuta pa kulaza gari au pa kulaza mke?"

"Katikati kuna kelele, Alida. Watu wameandika hapa. Kelele, kelele, kelele. Huyu anasema hakulala hata dakika."

"Kwani dada yangu amesema anataka kulala? Kulala amelala kwenye kambi zako miaka yote hiyo! Mwenzio anataka kukesha."

"Na mimi je?"

"Wewe utajifunika mto."

Akanifungia kompyuta usoni. Nikarudi kwangu kwa baiskeli nikimsema peke yangu njia nzima, nikaapa kwamba dada yangu akirudishwa kwenye basi mara ya kumi na mbili, nitaacha kumwita yule mtu shemeji.

Ikapita wiki. Kila jioni nikawaona wanapita mbele ya dirisha langu, Roelof kamshika mkewe mkono, wanakwenda polepole kama watu wanaofuata jeneza. Nikajisemea, haya, anamchosha makusudi ili akate tamaa. Asubuhi moja akanigongea mlango, kavaa koti la safari, na mfukoni imechomoza ile pimamaji ya manjano.

"Twende Brussels tukakague viwanja," akasema. "Tina nimemwambia tunakwenda kukuangalizia jokofu."

Yaani mtu asiyejua kusema uongo, alianza na jokofu langu.

Tulipanda treni, tukavuka mto mkubwa wa pili. Kisha akaniambia, akitazama nje, "Nimekuwa namtembeza. Kutoka kwetu mpaka kwa mwoka mikate, uso wake bado ni wake. Akikaribia daraja, uso unabadilika. Hasemi kitu, anazidi kuongea tu habari za maua ya watu, lakini uso unabadilika. Kwa hiyo hoteli isizidi umbali wa kwetu na kwa mwoka mikate."

Maneno yote niliyomsema njia ile na baiskeli yalinirudi mwenyewe, na yalikuwa machungu.

Tulianzia kwenye uwanja mkuu tukawa tunatoka nje, mikono nyuma, kama kambini. Hoteli ya kwanza kwenye ramani ilikuwa pua na mdomo na uwanja. Roelof akaanza kuiendea, kisha akasimama katikati ya njia, akaweka pimamaji juu ya mawe. Kipovu kikakimbilia ncha moja kikaganda huko. Sisi tumezaliwa nchi tambarare, mlima wetu mrefu ni daraja, na hakuna anayekumbuka kuuliza kama mji una kilima.

"Ramani haisemi haya," akasema. "Tina hapandi hapa."

Akalijaribu kila kichochoro. Watu walitupita wakicheka, na kijana mmoja wa kuuza chipsi akatuuliza kwa lugha yetu, kwa lafudhi yao ile ya kuimba, "Nyie Waholanzi mnapima nini? Mmekuja kununua mji?"

"Kama utashuka bei," nikamjibu, na Roelof akacheka kwa mara ya kwanza tangu siku ya keki.

Mwishowe tukafika hoteli moja nyembamba, kichochoro kimoja tu kutoka uwanjani, njia tambarare mpaka mlangoni. Roelof akaomba kuona chumba. Akaweka pimamaji kwenye kitanda, akaguna, akatoa mfukoni vibao vya karatasi vya kuwekea glasi za bia, akavichomeka chini ya mguu mmoja wa kitanda mpaka kipovu kikatulia.

"Samahani, bwana," akasema binti wa mapokezi aliyetuleta, "wewe ni fundi?"

"Mimi ni mume wa mtu," akasema Roelof.

Akavua viatu, akalala chali, akafumba macho kusikiliza. Chini ya dirisha palikuwa na baa. Mapipa yanabingirishwa kwenye mawe, mtu anapiga mluzi, mwanamke anamgombeza mtu kwa Kifaransa, na kengele ikalia karibu kiasi cha kutikisa glasi iliyokuwa juu ya meza. Uso wa Roelof ulikunjamana kama mtu anayeng'olewa jino.

"Hapa mimi sitalala," akasema.

"Tutafute nyingine?"

"Nimesema mimi sitalala. Yeye husinzia hata ukimweka chini ya treni." Akainuka kutafuta viatu vyake. "Mwambie binti tunachukua."

Tukaenda mwezi wa tisa. Roelof aliniomba nifuatane nao, ili kama mguu wa dada ungegoma tuwe wawili wa kumshika. Njiani hakumwambia Jantina lolote la pimamaji wala la mwoka mikate, na mimi nilionywa nifunge mdomo. Dada yangu alikaa dirishani mwa chumba mchana kutwa akitazama mapipa yakibingirishwa, amefurahi kama aliyepelekwa arusi. Jua lilipopungua nguvu tukatoka. Alitembea kile kichochoro mpaka mwisho, tukaingia uwanjani, nikamwibia jicho. Uso wake ulikuwa bado ni wake.

Meza za mkahawa zilikuwa zimepangwa nje. Pembeni kabisa palikuwa na meza tupu, karibu na njia ya kutokea, nami nikageukia huko bila hata kufikiri. Roelof akaipita. Akajipenyeza kati ya viti, akiomba radhi kwa watu kushoto na kulia, akatuketisha katikati, mahali ambapo mtu akitaka kutoka itabidi watu wanane wasimame. Alikuwa anatokwa na jasho.

Tukanywa kahawa, tukala chipsi. Mbingu ikawa ya buluu ya kuiva, majumba yale marefu yenye dhahabu yakapoteza rangi, yakawa meusi. Watu wakapunguza sauti, kwa maana walijua kinachokuja. Roelof hakuitazama saa. Alikuwa amegeuza mkono, saa iko chini ya meza.

Ndipo Jantina akasimama.

Hakuna aliyemwambia kitu. Alisimama ghafla kwa mguu ule mbovu, mkoba kifuani, mkono mmoja unalivuta koti la mumewe kutoka kwenye kiti. "Roelof," akasema, "tutachelewa, basi la mwisho." Macho yake yalikuwa yameshaondoka, yanatafuta njia kati ya meza.

Mazoea yana taabu. Tulikuwa tumemleta mpaka katikati ya mji, na miguu yake bado ilikuwa inaishi kule kambini.

Sijapata kumwona shemeji yangu amepigwa, lakini pale alipigwa. Alimtazama mkewe aliyesimama, akatazama koti lake mwenyewe mkononi mwa dada yangu, na nikaona kwamba sasa ameelewa kile ambacho siku ya keki alikuwa amekisikia tu.

"Nimekufanya nini, Tina," akasema.

"Nini? Twende."

"Keti, mke wangu. Hatuna basi leo. Kitanda chetu kiko palepale, nyuma ya ile kona."

Akasimama, akamzungukia. Yule mwanamume aliyemwondolea kiti siku ile, akakisukuma kiti taratibu mpaka kikamgusa magoti, akamshika kiwiko, akamketisha. Dada yangu alikaa akipepesa macho kama aliyeamshwa. Na kabla Roelof hajarudi mahali pake taa zikawaka, zote kwa pamoja, kutoka chini mpaka kwenye vilele, na watu wa uwanja mzima wakasema "Aaa."

Machozi yalimtoka Jantina akayaacha yateremke. Nami nililia, na Roelof alilia, na mhudumu aliyekuja kuuliza kama tunaongeza kahawa akarudi alikotoka.

Baada ya muda mrefu dada yangu akashusha pumzi. Akautazama mkoba wake mapajani, akaufunga vizuri, kisha akainama na kuuweka chini.