Fomu ya Pete ya Amondi

Ndugu yangu Kimeli hubeba koti la mvua hata Januari, wakati udongo umepasuka na majani ya chai yamesinyaa kwa kiu. Akifunga mlango wa choo hurudi kuuvuta mara ya pili ahakikishe. Mimi ni dada yake mkubwa, Nelvine. Nimemwosha tope tangu alipokuwa akitambaa, kwa hivyo ninayo ruhusa ya kumsema. Hapa Mogogosiek watu humwita Bwana Bima, naye wala hakasiriki.

Jina hilo lilitoka kwa ng'ombe. Tulikuwa na ng'ombe wa maziwa, Chelel, mweupe, mpole, akikamuliwa hata na mtoto. Kimeli alimwekea bima, tukamcheka nyumba nzima, na mwaka huo huo radi ikampiga akiwa amejikinga mvua chini ya mkaratusi. Clifford, ajenti wa bima, alikuja akapiga picha mzoga, na baada ya wiki tatu tukalipwa, tukanunua mwingine. Tangu hapo Kimeli ameweka bima pikipiki, paa la jikoni na hata nyonga ya Mama, ambayo tayari ilikuwa mbovu. Kinga ni bora kuliko tiba, husema, na anaposema hivyo huwa natamani kumpiga na mwiko.

Kazi yake ni karani katika kituo cha kununulia majani. Wakulima huleta majani yao, yeye hupima kwa mizani na kuandika. Hapo ndipo alipokutana na Amondi. Amondi ni mkaguzi, huja na lori la kiwanda, huingiza mikono ndani ya gunia na kutoa majani magumu. Anataka majani mawili na chipukizi, basi. Siku ya kwanza alikataa magunia matatu ambayo Kimeli alikuwa ameshayapitisha, mbele ya wakulima wote. Kimeli alikuja hapa hotelini kwangu kunywa chai, akanieleza mambo hayo kwa hasira nyingi, kisha akanieleza tena, kisha tena. Kufikia mara ya tatu nilijua amekwisha kupenda.

Wakawa wapenzi, wakakaa hivyo miaka miwili. Amondi kwao ni upande wa ziwa, mama yake yuko Ahero, na yeye amepanga chumba karibu na kiwanda. Ni mtu wa maneno machache. Akija hapa hukaa meza ya dirishani, na hajawahi kuondoka bila kupeleka kikombe chake mwenyewe jikoni. Nilimpenda kwa hilo tu, mengine yalikuja baadaye.

Basi mwezi wa tano Kimeli akaniita nyuma ya jiko na kunionyesha pete. Ya dhahabu, na kijiwe kidogo kinachomeremeta. Bei yake sitaitaja, inanipa kizunguzungu. Nilimwambia kwamba siku ya harusi yake Mama yetu alifungwa nyasi ya segutiet mkononi kama wazee wote wa Kipsigis, nyasi ikakauka ikaanguka, na ndoa ikakaa miaka arobaini.

"Nyasi haina mwizi," akanijibu.

Nikamuuliza atamvisha lini. Akasema baada ya bima. Hawezi kumvisha mtu pete bila bima, je, ikianguka njiani? Niliinua macho juu, nikarudi kwa chapati zangu.

Ofisi ya Clifford iko sokoni, kati ya duka la dawa za mifugo na kinyozi. Clifford ni mtu mwema, lakini maisha yake yote ameandikia bima ng'ombe. Aliiweka pete juu ya meza, akaipiga picha mbele, nyuma na ubavuni, halafu akauliza alama yake ya sikio. Alitania, nadhani. Kisha akapigia simu wakubwa wake, wakamtumia fomu ya mali ya thamani, na fomu hiyo ndiyo iliyoleta yote haya.

Ilikuwa na maswali ambayo ng'ombe haulizwi. Nani atakayevaa? Je, ataivua wakati wa kazi, na akiivua ataiweka wapi? Je, amewahi kupoteza mali ya thamani, na kama ndiyo, ilipoteaje? Kimeli alitaka kuacha nafasi wazi. Clifford akakataa, akasema fomu yenye mapengo hurudishwa. Kwa hivyo ndugu yangu akajifunga mwenyewe: hawezi kumposa Amondi bila bima, na hawezi kupata bima bila majibu ya Amondi. Nilicheka hadi nikakaa chini.

Akaanza kumchunguza pole pole. Jumapili moja baada ya kanisa alimuuliza, kama mtu anayeuliza habari za mvua, kama kiwandani wanaruhusu mtu kuvaa saa. Amondi akasema hapana, saa, bangili, pete, kucha ndefu, vyote ni marufuku karibu na majani. Na mtu huweka wapi vitu vyake? Ndani ya sanduku la chuma, akasema, na ufunguo anavaa shingoni. Kimeli alikwenda chooni mara mbili siku hiyo. Nilijua anaenda kuandika.

Jumapili iliyofuata nilikuwa nakata mboga ya sukuma nyuma ya kaunta, wateja wamekwisha, wao wawili wamebaki pale dirishani. Likaja swali la mwisho.

"Amondi, ushawahi poteza kitu ya maana?"

 Amondi akanyoosha mkono kwenye mfuko wa koti la Kimeli, lile koti la mvua lisilomtoka, akavuta karatasi ambayo ncha yake ilikuwa nje. Kimeli hakumzuia. Amondi akaikunjua na kuisoma kutoka juu, bila haraka, jinsi anavyopekua gunia.

"Kumbe ni pete," akasema.

"Ni pete."

Nilidhani atacheka. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeuma midomo. Badala yake akaanza kueleza, kwa sauti ile ile ya kawaida, kile alichopoteza. Alikuwa na miaka kumi, wanakaa nyumba ya kupanga upande wa kuelekea Kericho, baba yake dereva wa lori. Ikaja ile vita ya kura, watu wa upande wa ziwa wakafukuzwa huku, mwaka ule ambao sisi wa huku tukiutaja hupunguza sauti. Walitoka mchana na nguo walizovaa. Kabla ya kufika barabarani mama yake alibisha milango minne, nyumba za watu waliokuwa wakiimba nao kwaya moja. Ndani waliwasikia watu wakipumua. Hakuna aliyefungua. Waliporudi baada ya miezi kuangalia, kitanda, cherehani ya mama, picha, vyote majivu.

"Hiyo ndio nilipoteza," akasema. "Andika." Halafu akauliza, "Na wewe siku hiyo ulikuwa wapi?"

Kisu changu kilisimama. Kimeli alikuwa na miaka kumi na mitatu wakati huo, na angeweza kusema alikuwa kwa mjomba. Nani angejua? Mimi tu, na nisingesema.

"Nilikuwa ndani," Kimeli akasema. "Jirani yetu alikuwa anaitwa Mama Adoyo. Alikuja kubisha. Mama akaweka mti kwa mlango. Mimi nikazima redio, ndio ionekane hakuna watu."

Ni kweli yote. Na hakunitaja, lakini mimi nilikuwepo, nimekaa juu ya gunia la mahindi, nimemweka mtoto wangu wa kwanza kwenye titi ili asilie. Mama Adoyo alikuwa akituuzia omena, dagaa wa ziwani kwao, na ndiye aliyenikanda mgongo nilipokuwa mjamzito. Tulisikia baadaye kwamba alifika kwao salama. Huku hakurudi tena. Sisi hatukuchoma nyumba ya mtu, na miaka yote hii tumekuwa tukilisema hilo kama sifa. Lakini ule mti, komeo la mkaratusi, umebaki nyuma ya mlango wetu hadi leo, na kila jioni mimi ndiye huuweka.

Amondi aligeuza karatasi. Nyuma, kwa maandishi madogo, kulikuwa na orodha ya hasara ambazo bima hailipi. Akaweka kidole.

"Vita, ghasia, fujo za siasa. Hapa Clifford halipi."

"Halipi."

"Na wewe?"

"Nitafungua mlango."

Alitikisa kichwa, si kwa ubaya. "Nyumba ni ya mama yako. Wewe ulizima redio tu. Mama ndiye aliweka mti. Mwambie aandike hapa, kando ya hii maneno, mkono wake mwenyewe. Akiandika, nitavaa. Akikataa, sitakuwa na kinyongo na wewe. Tutaendelea kuonana kwa mizani."

Akapeleka kikombe chake jikoni, akanisalimu akipita, akaenda.

Nilikasirika. Nasema wazi, nilikasirika sana. Mama yetu ana miaka sabini na miwili, amelea watoto saba, na msichana wa juzi anamwita mbele ya karatasi kama mshukiwa! Nilikata ile sukuma ikawa vumbi. Hasira yangu ilidumu mpaka nilipofika nyumbani na kuusukuma mlango, mkono wangu ukaugusa ule mti ulioegemea ukutani. Hapo aibu ikanishika, na haijaniacha kabisa.

Mama alikuwa anatoka kukamua. Kimeli hakujua kuzunguka, kwa mara ya kwanza maishani hakuwa na koti la mvua la kujifunika. Alimsomea fomu yote kwa Kikipsigis, maswali na majibu, kisha akageuza upande wa nyuma, akamwambia alichotaka Amondi. Mama aliendelea kuchuja maziwa. Alimimina, akaweka kifuniko, akasuuza kichujio, akakianika msumarini. 

"Alibisha mara tatu," akasema mwishowe.

Miaka karibu ishirini sikuwahi kumsikia akilitaja jambo hilo. Nilidhani amelisahau, au nilitaka kudhani hivyo.

"Mara ya tatu aliniita jina langu," akasema. "Chepchirchir, ni mimi. Alifikiri sijamjua."

Akapangusa mikono kwenye leso, akaomba kalamu na miwani. Mama alijifunza kuandika akiwa mtu mzima, kwenye masomo ya ngumbaru, na herufi zake ni kubwa, kila moja imesimama peke yake. Kiswahili hukizungumza kwa shida, lakini aliandika kwa Kiswahili, ili Amondi asihitaji mtu wa kumfasiria. *Nitafungua mlango.* Akaweka jina lake chini. Halafu akampa Kimeli karatasi, akaniambia ugali utachelewa nikisimama hapo.

Asubuhi Kimeli alikwenda kwa Clifford, ambaye alishika kichwa. Pale si mahali pa kuandika, fomu imeharibika, wakubwa wake watamwonaje? Akachukua nyingine, wakajaza upya bila mapengo, na pete ikapata bima yake kama ng'ombe yeyote mwenye heshima. Kwenye lile swali la hasara Kimeli aliandika: nyumba nzima. Clifford alisoma, akapiga muhuri, hakuuliza.

Ile iliyoharibika aliipeleka kituoni. Nilimfuata, nilijidai nina majani ya kupima. Lori lilikuwa limefika, foleni ya wakulima imefika barabarani. Amondi aliisoma akiwa amesimama kando ya mizani, mara moja tu, akaikunja nne na kuiingiza kwenye mfuko wa koti lake la kazi, akafunga kifungo. Kisha akanyoosha mkono. Kimeli hakupiga goti wala hakutoa hotuba. Alimvisha, na wakulima wakapiga makofi bila kujua walichokuwa wakipigia. Baada ya dakika moja Amondi akaivua, kwa sababu kazi ni kazi, akamrudishia aishike, akaingiza mikono kwenye gunia la kwanza. Lilikuwa letu. Alilikataa nusu.

Posa rasmi itakuwa Agosti, na wazee wa pande zote mbili wameanza kuzungumza. Mama yake Amondi amesema atakuja, lakini akiona hali si nzuri atalala kwenye gari atakalokuja nalo. Hatukumlaumu. Uchaguzi nao unakaribia, na redio imeanza kelele zake.

Jioni ya siku ile ya pete nilirudi nyumbani nimechoka. Tulikula, nikaosha vyombo, nikaenda kuuchukua ule mti niuweke nyuma ya mlango kama kila siku. Mama alikuwa kwenye kiti chake karibu na moto.

"Uache hapo, Nelvine," akasema. "Mikono yangu siku hizi ni mizito. Mtu akibisha, nitachelewa kufungua."