Sahani Moja Niliyohama Nayo

Leo nimehama mtaa wa Chaani, mjini, kwenda kijijini, ufuoni kabisa, ili hatimaye nikae peke yangu.

Lori lilikwama mchangani. Wanawake wa kijiji wakajitwika vitu vyangu vyote hadi ndani.

(Mimi nilibeba mto.)

Jirani yangu mpya, Bi Mwanasha, akafungua kasha la vyombo.

"Mwanangu, sahani moja? Na mgeni akija?"

Nilikuja na moja makusudi, ili mgeni asije. Nikamdanganya kwamba nyingine zimevunjika njiani.

"Pole, mama," akaniambia.

Wakaenda, wakarudi na sahani kutoka kila nyumba, na wali wa kuzijaza. Sasa wamejaa sebuleni.

Mlionionya kuhusu upweke wa huku, mko wapi? Nawaandikia nikiwa nimejifungia chooni.

Bi Mwanasha anabisha hodi: "Usilie, mwanangu. Hatukuachi peke yako."