Maksai wa Chuo cha Madaktari

Siku ya pili ya msiba wa mume wangu, shemeji yangu mkubwa alikuja akachuchumaa mbele ya mkeka niliokalia. Aliniambia kwa sauti ya chini kwamba wazee wameshapita zizini. Watu walikuwa wengi, wengine wametoka Butiama kwetu, wengine Musoma mjini, na kwa desturi yetu mwenye mji hazikwi bila ng'ombe kuangushwa. Walikuwa wamemwona mmoja anayefaa. Mkubwa, kazi ameshaimaliza, tena wa marehemu mwenyewe. Nilijua ni yupi kabla hajamtaja. Walikuwa wanamsema Daktari.

Daktari alikuwa maksai wa kulimia, mwekundu, mwenye baka jeupe usoni. Mume wangu alimpa jina hilo tuliporudi kutoka India, na mwenzake wa nira akamwita Sista. Majirani zetu huku Bunda walicheka na hawakuchoka kucheka. Mtu akipita kando ya shamba la pamba akimsikia mzee anasema, "Sista, usimsukume Daktari," basi habari ilifika mnadani kabla yake. Sista aliugua akafa. Akabaki huyu mmoja.

Nilimwomba shemeji aningoje kidogo nifikiri. Akabaki pale pale amechuchumaa.

Moyo wa mume wangu ulikuwa na mlango usioziba vizuri. Ndivyo tulivyoelezwa Bunda, na Musoma, na Mwanza, mpaka tukapelekwa India kwenye hospitali ya chuo cha madaktari cha zamani sana. Mimi niliishia darasa la saba, yeye hakufika hapo. Kiingereza hatukuwa nacho, na lugha ya kule ndiyo kabisa. Siku za kwanza tuliongea na wauguzi kwa vidole.

Ndipo wakatuletea mama mmoja wa Kihindi, mtu mzima sana, amevaa sari ya buluu na raba miguuni. Alikuwa muuguzi mstaafu wa palepale. Alisimama mlangoni akamwambia mume wangu, "Shikamoo, mzee. Mnatokea Musoma ya wapi?"

Mume wangu alikataa kuitikia. Alisema yeye ndiye mdogo, yeye ndiye wa kuamkia.

"Basi niamkie," mama yule akasema. "Miaka mingi sijaamkiwa."

Alizaliwa Mukendo, pale pale Musoma mjini. Baba yake alikuwa na duka la vitambaa, wakahama yeye akiwa msichana. Kiswahili chake kilikuwa chetu hiki hiki. Alitusimulia kwamba alikuwaga anatoroka shule anaenda mwaloni, kwa wavuvi ziwani, kula sato wa kuchoma, na kwao nyama haiingii ndani wala samaki, na mama yake alikufa bila kujua. Mume wangu alicheka mpaka muuguzi wa zamu akaja kumtuliza kwa ajili ya moyo.

Tulipokuwa tunangoja siku ya upasuaji, mama yule alikuwa akimshika mkono mume wangu wanatembea taratibu kwenye ukumbi mrefu wenye picha ukutani. Mimi nilifuata nyuma na shuka la mgonjwa na chupa ya maji. Picha zile ndizo zilikuwa historia ya chuo, na yeye aliisimulia kama mtu anayesimulia habari za kwao. Chuo kilianza barazani kwa nyumba moja. Wanawake wa sehemu ile walikuwa wakifa kwa uzazi kwa sababu hawakukubali kushikwa na mwanamume wa nje, kwa hiyo wakatafutwa wasichana wachache wafundishwe udaktari. Ubao wao ulitundikwa kwenye nguzo. Mifupa ya kujifunzia waliazima mji mwingine, ikaja kwenye mkokoteni imefunikwa blanketi kama mgonjwa, na watu njiani wakawa wanaipa pole.

Palikuwa na picha moja ambayo mume wangu hakuipita. Madaktari wamesimama mbele ya kisima, na chini yake majina yao yote yameandikwa. Nyuma yao wanaonekana maksai wawili, mmoja amekatwa nusu na ukingo wa picha. Mama yule akaeleza kwamba ardhi ile ilikuwa kavu na ya mawe, na pasipo maji hakuna upasuaji. Kazi ya maksai ilikuwa kuvuta maji. Waliteremka kwenye mteremko wakivuta kamba, kiriba cha ngozi kikapanda kimejaa, wakarudi juu kinyumenyume, kikashuka tena. Hivyo kutwa, mwaka hadi mwaka. Kila mkono uliooshwa kabla ya kumpasua mgonjwa, ulioshwa kwa maji yao.

Mume wangu alikaa mbele ya picha ile mpaka nikaogopa amechoka. Alikuwa mtu wa ng'ombe tangu utoto wake. Aliuliza walikuwa wanaitwa nani. Mama yule hakujua. Akauliza, pampu ilipokuja, wale maksai walipelekwa wapi.

"Mzee, hilo nalo silijui. Nitakuulizia."

Aliuliza kweli. Aliwauliza watunza bustani wazee, akaenda hata kwenye chumba cha makaratasi ya kale. Kesho yake alirudi akakaa kitandani kwa mume wangu, amechoka. Hakuna aliyejua. Kwenye picha zilizofuata pampu ipo, na wao hawamo.

"Haifai," mume wangu alisema. "Watu wamekunywa maji yao, halafu hawajui walikoishia."

Alipasuliwa, akawekewa mlango mpya, akapona. Asubuhi ya kuondoka mama yule alitusindikiza hadi kwenye gari, akaniomba nikifika Musoma nimlie sato mmoja. Nilimlia.

Tuliporudi, mume wangu alisimulia historia ya chuo kile kila mahali, kanisani, mnadani, kwenye harusi za watu. Kila mwaka kisima kilizidi kina na maksai walizidi ukubwa. Shemeji huyu huyu ndiye aliyekuwa akimchokoza, "Kaka, leo kisima kimefika wapi?" Watu wakacheka, naye akacheka. Lakini alikuwa akiishia pale pampu inapofika. Kilichofuata hakukisema hata mara moja.

Sasa shemeji alikuwa amechuchumaa mbele yangu, na mzee mmoja wa ukoo alikuwa amekuja kusimama karibu yake. Mzee akaniuliza kama marehemu aliacha neno lolote juu ya ng'ombe yule. Kwetu neno la marehemu halivunjwi. Niliona kwamba nikisema ndiyo, yamekwisha, na hapakuwa na mtu wa kunipinga.

"Hapana," nikasema. "Hakuacha neno."

Mzee akatikisa kichwa, akaanza kugeuka. Nikamwomba shemeji asiondoke kwanza. Nikamweleza ile sehemu ambayo kaka yake hakuwa akiisema: alivyouliza, mama yule alivyotafuta, jibu alilorudi nalo, na kaka yake alivyosema kwamba haifai. Sikuomba kitu. Nilikuwa nimechoka na sauti ilikuwa inakatika, nikasema yaliyokuwepo tu.

"Hii hakutuambiaga," shemeji alisema.

"Hakupenda kuisema."

Akainuka akajifuta magoti. Akamfuata mzee, na nilimsikia akimwambia pale mlangoni, "Huyu mwacheni. Leteni yule dume wangu."

Tulimzika mume wangu siku iliyofuata, na watu wakala nyama ya dume wa shemeji.

Daktari hakufungwa nira tena. Alikuwa akila majani karibu na nyumba, na jioni alikuja mwenyewe kusimama pale marehemu alipokuwa akiweka kiti. Nilimpa maji kwenye beseni kwa sababu hakutaka kwenda mtoni na wengine. Sikumsemesha sana, mimi si mtu wa kusemesha ng'ombe. Msimu wa kiangazi uliopita alilala chini akashindwa kuinuka. Tulimwinua kwa magogo, akasimama, akalala tena. Shemeji alikuja na kisu chake, akaniuliza kwa macho, nikakubali. Watu walikula. Mimi sikuweza, lakini sikumlaumu aliyekula.

Kama yule mama yupo hai, na kama kuna mtu wa kumfikishia, naomba aambiwe kwamba maksai wa kwetu tunajua alikoishia. Ngozi yake niliikausha vizuri. Nimeitandika chumbani, upande wa kitanda aliokuwa akishukia mume wangu asubuhi.