Biskuti za Malai Yaliyobaki

Mke wangu alifanya kazi kwenye kituo cha maziwa tangu tulipooana hadi miguu ilipomkataa. Kazi yake ilikuwa kuosha. Wafugaji walileta maziwa asubuhi, mashine ikazunguka ikatenga malai, gari likaja likachukua. Wakabaki yeye na mwenzake mmoja, na ndoo, na mashine, na maji ya moto.

Malai yaliyoganda ndani ya mashine hayakuwa na mwenyewe. Aliyeosha aliyakwangua, na aliyekwangua aliondoka nayo. Msimamizi aliona akanyamaza. Mwenzake alipiga siagi. Mke wangu alioka biskuti za chumvi.

Sukari hakuipenda. "Utamu ni wa wageni," alisema. "Mwenyeji anataka chumvi."

Mimi ni fundi bati. Nilimtengenezea oveni kwa pipa la mafuta, mlango wake ukafunga vizuri, makaa chini na makaa juu. Moto ulikuwa wangu, unga ulikuwa wake. Sikuwahi kutia mkono kwenye unga wake, na yeye hakuwahi kugusa makaa yangu. Tuliishi hivyo hadi tukazeeka. Hakuwa mtu wa maneno mengi mazuri. Nikirudi na kidole kimekatwa na bati, aliniambia, "Leo bati limeshinda," akanifunga kitambaa, basi. Watoto tulizaa watatu, tukazika wawili. Siku tulipomzika wa pili alioka. Sikumuuliza kwa nini. Niliwasha moto.

Alipoanza kuvimba miguu alisema ni viatu. Akabadilisha viatu. Kisha akavimba uso. Daktari akasema moyo umechoka, akatupa vidonge, akakataza chumvi. Akasema polepole ili tuelewe: chumvi hata kidogo, hapana.

Binti yetu ni mshonaji. Alifunga chumba chake cha kazi mjini akaja na cherehani yake, akaiweka sebuleni. Chumvi yote ya nyumba aliitoa, sijui aliipeleka wapi. Alipika uji, alipika wali, alipika mboga, vyote bila chumvi. Na sisi wawili tukala hivyohivyo, maana alisema si haki mama aone wengine wanakula vizuri.

Mama yake aliacha kula.

Hakugoma. Aliweka kijiko mdomoni, akakitoa, akasema ameshiba. Binti akambembeleza. "Mama, vijiko vitatu tu."

"Nimekula."

"Hujala, mama."

"Basi nitakula kesho."

Kesho ikawa hivyohivyo. Mifupa ya mabega ikatoka, na miguu bado imevimba. Chini alikuwa mnene, juu hakuna mtu.

Siku moja mwenzake wa kazini alikuja na kopo. Yule mama tunataniana, ni shemeji. Alisimama mlangoni akaniangalia.

"Shemeji, wewe ndiye unaumwa au yeye?"

"Sote."

"Nimemletea malai. Yamechachuka kidogo, yeye anayapenda hivyo. Anakula?"

"Hali."

Hakutania tena. Alinipa kopo akaingia chumbani, wakakaa pamoja, mmoja amelala na mmoja ameketi. Alipotoka aliniambia, "Anataka biskuti zake. Mimi siziwezi, nikijaribu zinatoka mawe. Fanya wewe."

"Mimi fundi bati."

"Ndiyo maana nakuambia fanya, sijakuambia ufanye vizuri."

Binti alisikia akanipa unga. "Bila chumvi, baba."

"Bila chumvi."

Jikoni na chumbani ni ukuta mmoja, na mlango tuliuacha wazi. Mke wangu alinielekeza akiwa kitandani. Malai kwanza kwenye bakuli, alisema, unga baadaye. Watu wanapima unga halafu wanamwaga malai, ndiyo maana zao zinakuwa ngumu. Malai ndiyo yanayojua yanataka unga kiasi gani. Utie kidogo kidogo hadi yaache kushika vidole.

Nikatia. Nikakanda. Nikaweka ubaoni nikaanza kusukuma kwa chupa, na donge likagoma, nikaligonga.

"Hilo si bati, Fundi," alisema kutoka chumbani. "Usiligonge."

"Linarudi nyuma."

"Liache lipumzike. Na wewe pumzika."

Nikaacha. Baadaye nikasukuma tena likakubali. Nikakata kwa mdomo wa glasi, nikatoboa kwa uma, nikapanga kwenye bati bila mafuta, maana mafuta yamo ndani ya malai. Moto niliujua. Hapo hakunielekeza.

Zilitoka na rangi nzuri. Nilimpelekea kwenye sahani. Aliigonga biskuti kwa kucha, ikalia.

"Umenitengenezea vifuniko," alisema.

Akacheka, na kicheko kikageuka kikohozi, nikamshika mgongo hadi kikaisha. Kisha akauma. Alitafuna kidogo, akaniangalia.

"Chumvi iko wapi?"

"Daktari alisema."

"Daktari anakuja kula hapa?"

Aliirudisha kwenye sahani. Hakukasirika. Alijigeuza akatazama ukuta, na hilo lilikuwa baya zaidi. Binti alizitia biskuti kwenye uji wa mama yake, akajaribu kumlisha kwa kijiko. Mdomo ulifungwa.

Asubuhi iliyofuata binti alikwenda kupeleka nguo za mteja. Niliketi ukingoni mwa kitanda.

"Malai yamebaki," nilisema.

"Yanatosha?"

"Yanatosha sahani ndogo."

Akanigeukia. Nikamwambia, "Ukila chumvi unajua."

"Najua."

"Na bado unaitaka."

"Fundi," alisema, "nimekuwa nikitafuna maji. Naondoka, unaniona naondoka. Usinipeleke na mdomo mtupu."

Nilimwambia tumngoje mtoto, tumwulize.

"Mtoto atalia," alisema. "Akilia nitakubali. Sitaki kukubali."

Nilikwenda dukani nikanunua chumvi, pakiti ndogo kuliko zote, nikaitia mfukoni. Duka liko mbele ya nyumba yetu. Nilirudi kwa njia ya nyuma.

Safari hii sikugonga. Malai kwanza. Chumvi nilitia kama alivyosema, kiasi cha kushikwa na vidole vitatu, halafu akasema, "Ongeza," nikaongeza. Unga ukafuata. Donge likawa laini, mikono yangu ikalijua. Nilisukuma jembamba, nikakata, nikatoboa, nikanyunyiza chumvi nyingine juu kama yeye alivyokuwa akifanya. Nikapalia makaa. Nilisimama mbele ya oveni sikuketi.

Alikula tatu. Alikula polepole, akifunga macho, makombo yakimwangukia kifuani, akayaokota kwa kidole akayala nayo. Mimi nilimwangalia. Sijui niseme nini kuhusu hilo. Nilimwona anakula.

"Hizi sasa," alisema. Akalala.

Binti aliporudi alikuta sahani ina makombo na biskuti chache. Alisimama mlangoni na mkoba bado begani, uso wote ukafunguka.

"Mama amekula?"

"Amekula."

"Zilezile za jana?"

Mke wangu akafumbua macho kabla sijajibu. "Zilezile. Baba yako amejifunza."

Binti alinishukuru. Alinishika mkono mbele ya mama yake akanishukuru. Akataka kuonja moja, mama yake akamwambia acha, ni chache, ni zangu. Binti akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu aje na cherehani yake.

Zile zilizobaki alizila kesho yake, kwa siri, mimi nikimpa. Usiku ule pumzi ikawa nzito. Tulimkalisha kwa mito. Binti alimpa vidonge, akamtuma kijana wa jirani kwa daktari, na daktari alipofika alitufariji sisi, si yeye. Alikufa kabla hakujapambazuka vizuri. Mkono wake ulikuwa mkononi mwangu na haukunibana, ulilala tu.

Tukazika. Watu wakaja, wakaenda. Yule shemeji alibaki kuosha vyombo hadi vikaisha, kisha akavifuta vyote tena.

Siku ya kutoa godoro nje, binti alivua foronya ya mto wa mama yake, na ndani kulikuwa na leso imefungwa. Alifungua. Ilikuwa biskuti moja, nusu yake imeliwa. Mama yake aliiweka ya baadaye.

Mimi nilikuwa mlangoni nimeshika upande wa godoro. Binti aliitazama biskuti ile, macho yakamjaa. Akasema, "Alikuwa ameanza kula, baba. Alikuwa anarudi." Na akaitia mdomoni.

Nilimwona akiacha kutafuna.

Hakuitema. Aliimeza. Aliketi kwenye vyuma vya kitanda.

"Nani alitia chumvi?"

"Mimi."

"Aliomba?"

"Aliomba."

"Na mimi nilikuwa wapi?"

"Ulipeleka nguo."

Akakunja leso, akaikunja tena. "Nilikushukuru," alisema. "Mbele yake. Mkanitazama wote wawili nikikushukuru."

Niliegemeza godoro ukutani.

"Ungeniuliza, baba."

"Ungekataa."

"Ningekataa. Angekuwa hai leo."

"Angekuwa hai na njaa."

"Angekuwa hai."

Huenda alisema kweli. Huenda ilikuwa wiki moja zaidi, huenda mwezi. Daktari sikumwuliza na sitamwuliza. Nilimwambia binti kwamba ningerudi siku ile ningetia tena. Sikumwambia kwa ubishi. Alitaka niseme kweli, nikaisema.

Jioni ile alikuja mtu na mkokoteni, wakapakia cherehani. Nilimsaidia kuinua upande mzito. Aliniaga kwa heshima, alisema, "Ubaki salama, baba," kama anavyomwambia mzee yeyote wa mtaani.

Hupiga simu. Ananiuliza kama nimekula, nami namwambia nimekula. Namsikia anapumua, kisha anasema, "Haya." Kuja hajaja.