Simu ya Harub Isiyotoka Ukutani

Mwaka 2005 nadhani... la, nasema uongo, ilikuwa 2007, mwaka wa kimbunga cha Gonu, maana wadi, lile bonde la mto mkavu, ilijaa maji na Al Amerat, kule Omani, ikawa haina pa kutokea.

Harub, mstaafu wa wizara, alikosana na dada yake Masouda aliyebaki Unguja. Masouda aliuza nyumba ya mama yao bila ya kumuuliza, na miaka minane hawakusemezana. Masouda akipiga, Harub huzima simu. Mwaka ule Masouda akalazwa hospitali, sauti imemkauka. Mwanawe, Muslim, akaleta habari kwamba mama anataka kumsikia ndugu yake; siku atakayopata sauti, watapiga.

Basi Harub akaichomeka simu yake ya mkononi kwenye chaja, isije ikazima akamkosa. Miezi mitatu haikutoka ukutani. Akitaka kusema, huinama pale pale kwenye kabati. Mkewe, Nunu, akamcheka kuwa ameifunga simu kama mbuzi wa Idi.

Binti yao Mazoon, anayekaa Bustan, alipokuja kuwatazama aliigusa, akaishika tena.

"Baba, ina moto hii, na mgongo umevimba. Ikijaa, ichomoe, uitumie mpaka ishuke. Betri ishakufa, inaishi kwa umeme wa ukuta tu. Nipe nikaitilie nyengine."

"Mwanangu, watu hufa kwa njaa. Hii inakula mchana na usiku, itakufaje?"

Hakumpa. Aliogopa hiyo saa moja tu ya kuwa bila simu, Masouda asije akapiga.

Gonu ikaja. Umeme ulipokatika, simu ikazima hapo hapo, haikungoja hata dakika. Harub akaibonyeza, akaipasha kwapani, akaisomea dua. Nyumbani hapakuwa na simu nyengine, na wadi haikuwa ya kuvukika.

Siku ya nne umeme ukarudi, na Muslim akapata laini. Masouda ameshazikwa. Alipata sauti siku ile ya kwanza ya mvua, akaomba apigiwe Harub. Wakapiga mara tano, haipatikani.

Harub akaeleza habari ya umeme na betri, akaeleza tena. Muslim akasema, "Tumwombee dua tu, mjomba."

"Tutamwombea. Lakini niambie, mwanangu. Alidhani nimemzimia?"

Muslim akasema laini inakatika. Harub akamuuliza tena Idi ile, na Idi ya pili, na hata wageni waliotoka Unguja huwauliza: Masouda alidhani nimemzimia?