Makopo Manane

"Bibi yako anakuimbia nini kila jioni?"

Mama mwenye duka la jirani aliniuliza hivyo nikiwa darasa la pili. Sikujua. Kwangu yalikuwa maji tu.

Wiki iliyopita nilipita Temeke, kwenye nyumba tuliyokuwa tumepanga. Uani, palipokuwa na jiwe la kuogea, wamejenga fremu za maduka. Nilisimama pale nikitafuta harufu ya sabuni ya mche.

Bibi alitoka milima ya Ugweno, Upareni, kuja kumsaidia mama kutulea. Kila jioni, wapangaji wenzetu wakikaanga dagaa, alinisimamisha juu ya jiwe lile na kunimwagia makopo manane ya maji. Si saba, si tisa. Kila kopo lilikuwa na neno lake la Kigweno, aliloliimba akimwaga. Akimaliza alingoja niyarudie yote ndipo anipe taulo. Niamini, nilikuwa nayajua yote.

Baba, ambaye ni mwalimu, hakupenda. "Mama, huyu atasoma Kiswahili na Kiingereza. Hicho Kigweno kitamvusha mto gani?"

"Mto wa kwetu," bibi akajibu. Tukacheka.

Siku moja wenzangu walinipandisha juu ya ndoo iliyopinduliwa. "We Mpare, hebu fanya kama bibi yako." Nikafanya: maneno yote manane, lafudhi yake, hata mgongo wake uliopinda. Walicheka mpaka wakakaa chini. Nilipogeuka, bibi alikuwa amesimama mlangoni, taulo langu begani.

Jioni ile alinimwagia maji kimya. Kesho yake pia. Nikafurahi, maana tulimaliza mapema.

Chuoni nilibishana na kila mtu. Lugha ikifa, nilisema, ni kwa sababu wenyewe wameona nyingine inawafaa zaidi. Kuing'ang'ania mjini ni kuwatwisha watoto mzigo wa wazee. Mpaka leo sijaona hoja hiyo imekosea wapi. Ila nikianza kuisema, siku hizi, siimalizi.

Bibi tulimzika kwao mlimani, mwaka niliomaliza chuo. Matanga yalipokuwa yakiisha, nilimtajia mdogo wake maneno matatu kati ya yale manane, ndiyo pekee niliyobaki nayo. Akanishika mkono, akanitoa nje, akaanza kunionyesha kwa kidole, bondeni hadi juu. Yale maneno ni majina ya mifereji ya maji anayoivuka mtu akitoka barabarani kwenda nyumbani kwa bibi. Katika ukoo wao, mtoto anayekulia mbali huogeshwa nayo, ili siku akija peke yake asipotee.

"Mifereji ni saba," akasema.

Nikamuuliza la nane.

"Hilo sina, mjukuu wangu. Hilo kila bibi humtungia mjukuu wake. Ndilo jina lako."